Asubuhi Niliyomnyamazisha Fundi kwa Sala

Juma lililopita kijana mmoja anayeendesha gari la abiria aliniita pale stendi ya Kamembe. Tajiri wake alikuwa amemkabidhi gari jingine, akataka niliombee kabla halijatoka.

"Mzee," akaniambia, "banasema zamani ulikuwa unaomba mpaka bamaman banalia. Tuombee na siye."

Nina miaka arobaini na sita. Kuitwa Mzee nimeshazoea. Habari hiyo ya kuomba ndiyo iliyonichoma. Nilimuuliza kama amelizunguka gari. Akacheka, na wenzake wakacheka.

"Nizunguke natafuta nini, Mzee? Haikupotea."

Sikuliombea. Nilijifanya nina haraka, nikapanda pikipiki nikaondoka, na njia nzima masikio yangu yalikuwa ya moto. Haya ninayoandika ndiyo jibu lake, na ni yenu pia nyote mnaoamka asubuhi mkashika usukani wa kubeba watu. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tisa. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha mapema, huwaambia ni mgongo. Mgongo kweli unauma, lakini si mgongo.

Aliyenifundisha ni Mzee Petero, mtu wa Giheke, mfupi, mwenye kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alikuwa na kamionete, gari dogo la mizigo lenye mabenchi mawili nyuma na turubai juu, na njia yake ilikuwa Kamembe hadi Bweyeye. Leo mnashuka Bweyeye kwa lami, mkono mmoja dirishani. Wakati ule, ukiiacha barabara kuu pale Pindura ukaingia msituni, ilikuwa matope, mawe na mteremko, na aliyekosa gari alitembea kwa miguu siku nzima. Mgonjwa, chumvi, sabuni, bibi harusi, wote na vyote vilipita mikononi mwetu.

Mimi nilikuwa nimetoka sekondari na nilidhani kuendesha ni kujua gia. Mwezi wa kwanza Mzee Petero hakunipa ufunguo. Alinipa kikombe cha chai akaniambia nikae nitazame.

Alifika kabla ya abiria. Hakusalimia mtu. Alimaliza chai yake, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaanza kulizunguka gari. Kila gurudumu alilishika kwa kiganja kizima, akalisukuma, akazipitia kwa vidole buloni zote, yaani zile nati zinazolishikilia. Ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Mungu, hili nimeliona." Akaenda la pili. "Mungu, na hili nimeliona." Alipomaliza yote manne alisimama mbele ya gari. "Nisiyoyaona, yaone Wewe. Amina." Basi. Hapo ndipo alipovaa kofia, akageuka na kuwasalimia watu, mwaramutse.

Hiyo ndiyo sala nzima. Mimi kijana wa shule nikamuuliza, "Mzee, sasa Mungu hawezi kuyaona yote manne bila siye?"

"Anaona," akasema. "Lakini Yeye hana kle."

Kle ni ile spana ndefu ya kukazia buloni. Yake ilikaa chini ya kiti, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

Baadaye aliniachia mimi kuzunguka, naye alikaa na chai yake. Nikimaliza alisema, "Nionyeshe mukono." Aliyeshika magurudumu manne kwa dhati, kiganja chake ni cheusi. Asubuhi moja ya baridi kali nilishindwa kushika mpira uliojaa umande, nikapita nyuma ya mama muuza chai, nikapaka mkono masizi ya birika lake. Mzee Petero akauchukua mkono wangu, akautazama, akaunusa.

"Hii nyeusi ni ya moto," akasema. "Weye mutoto ya sekondari, leo uliombea chai."

Mama muuza chai alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Petero aliondoka bila mimi siku ile. Nilikasirika, lakini kuna kitu nilianza kukiona. Dereva aliyeanza siku kwa kelele hukanyaga breki kama anayemkaba adui. Mchana kutwa mguu wake ni mzito. Aliyeanza polepole, akagusa kitu kimoja baada ya kingine na kukisema, akipanda kitini tayari anajua anabeba nini na anabebwa na nini. Mzee Petero hakuwahi kuniambia maneno hayo. Niliyapata kwa kumtazama, na niliyapata mapema. Ndiyo maana sina udhuru.

Alipochoka macho aliniachia njia, na nikapata kamionete ya tajiri mmoja. Miaka ya mwanzo nilizunguka kila siku. Ila stendi ilikuwa na magari mengi, na kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta abiria. Huyu alifungua redio, yule alikuwa na mito ya sponji kwenye mabenchi. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, abiria wanaogopa mteremko, nami nikasema niwaombee kwa sauti ili watulie. Niliomba vizuri. Sijisifu, nilisoma, nilijua maneno, na sauti ninayo. Mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Maman Furaha, aliyekuwa akipeleka vitenge na mafuta ya kupaka Bweyeye kila juma, alifuta machozi akasema, "Huyu shofere ni muntu ya Mungu."

Juma lililofuata alikuja na wenzake. "Siye tunapanda kwa Pasta," akawaambia madereva wengine. "Bale banawasha redio, yeye anawasha Roho."

Tangu hapo jina langu likawa Pasta. Sala ikarefuka. Niliombea safari, nikaombea biashara, nikawaombea waume walioachwa Bukavu, nikaiombea serikali. Mikono niliinyoosha juu, macho nikayafumba. Mwanzoni nilizunguka kwanza, kisha nikaomba. Halafu nikawa nazunguka nusu. Halafu nikaona abiria hawatazami ninapoinama, wananitazama ninaposimama, na nikaacha kuinama.

Mzee Petero alipita stendi mara moja akanikuta katikati ya sala. Alingoja mpaka mwisho, na ilikuwa kungoja kwelikweli. Kisha akanisogelea.

"Umesema mengi," akasema. "Yeye alipata fasi ya kujibu?"

Nilicheka. Nilimwona amezeeka.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe, maana naona naizungukazunguka, mimi niliyeacha kuzunguka penye haja.

Fundi wangu wa magari aliitwa Saidi. Familia yake ni ya Waislamu wa Kamembe, mafundi toka kwa babu, na karakana yake ilikuwa karibu na stendi. Alikuwa mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Jioni moja nilimpelekea gari. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linacheza, naye akagundua buloni mbili zimechakaa, akazitoa, akaweka mpya. Alipomaliza aliniambia hivi, na nayakumbuka kama maneno ya baba yangu:

"Buloni mpya inalala usiku, inalegea. Kesho asubuhi, kabla haujapakia batu, kaza tena. Na ukifika Giheke simama, kaza mara ya pili. Usinisahaulie, ndugu yangu."

Nikasema sawa.

Asubuhi nilichelewa kidogo. Abiria kumi na mmoja walikuwa wameshakaa, mizigo juu, na Maman Furaha ananiita, "Pasta, njoo, unatuchelewesha! Tuombee twende!" Kle ilikuwa chini ya kiti. Ili niifikie ilibidi niwashushe watu wawili na kikapu cha kuku. Nikasema moyoni, nitakaza Giheke. Nikanyoosha mikono nikaanza kuomba.

Nilikuwa katikati, mahali ambapo sauti hupanda, nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa sauti ya kawaida, "Shofere, ulikaza?"

Ilikuwa Saidi. Alikuwa ametoka msikitini, akapitia stendi makusudi kabla ya kufungua karakana. Sikufumbua macho. Nilimwinulia mkono, namna mtu anavyomfukuza kuku. Hakuondoka. "Shofere, ile gurudumu. Ulikaza?"

Abiria walianza kunong'ona. Niliona aibu, na aibu yangu nikaigeuza sala. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ee Bwana, utulinde na kila anayekuja kutuvuruga asubuhi hii, akitumwa na asiyependa safari yetu!"

Wote kumi na mmoja wakaitikia, "Amina!"

Nilipofumbua macho Saidi alikuwa anaondoka, mgongo wake umenyooka.

Giheke sikusimama. Palikuwa na mvua nyepesi, na gari lilienda vizuri. Baada ya Pindura, kwenye mteremko wa msituni, nilisikia nyuma linapiga ngo, ngo, ngo. Barabara ile yote ilikuwa ngo, ngo, kwa hiyo nikaimba wimbo kuiziba. Maman Furaha alikuwa amekaa mbele kando yangu. Akatazama nje akasema bila wasiwasi wowote:

"Pasta, ile gurudumu inayotupita ni ya nani?"

Ilikuwa yetu. Ilitupita ikiruka kama mtoto aliyeachiwa kutoka shule, ikaingia msituni. Gari likalalia upande, likaburuzika, likapiga ukuta wa mlima. Lingeenda upande mwingine nisingekuwa naandika. Watu walitoka wakilia, wamejaa matope na mafuta ya kupaka. Hakufa mtu. Maman Furaha alivunjika mkono juu ya kiwiko, mlango ulimbana. Alipokuwa akisubiri gari la kumrudisha, mkono umefungwa kwa kitenge chake cha kuuza, aliniambia, "Sala yako imetuokoa, Pasta."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Watu kumi na mmoja, msitu, hakuna mwingine. Ningesema, "Maman, mimi sikukaza." Maneno matatu. Nilisema, "Tumshukuru Mungu."

Jumapili waliniita mbele kanisani nitoe ushuhuda. Kanisa lilijaa mpaka nje. Niliwaeleza mteremko, ngo, ngo, gurudumu likitupita. Watu walicheka wakalia. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Na hiyo gurudumu, nani aliifunga?"

Nikajibu, "Ni Saidi."

Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Kisha mmoja wa abiria akasimama: "Yule aliyekuja kuvuruga sala? Asubuhi ileile?" Niliona wazo hilo likipita kutoka benchi hadi benchi, na sikunyoosha hata kidole kulizuia.

Hakuna aliyemfanyia Saidi fujo. Watu waliacha tu kumpelekea magari. Madereva walisema gari lililopita mikononi mwake abiria hawapandi. Baada ya mwezi alinifuata stendi.

"Sikuombi unitetee," akasema. "Sema tu nilikuja asubuhi, na nilikuja juu ya nini."

"Nitasema," nikamwambia.

"Lini?"

"Nitasema, Saidi."

Sikusema. Karakana ilifungwa, na Saidi akawa anaziba sufuria na kutengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mzee Petero aliugua wakati huo. Nilienda kumwona Giheke. Alikuwa amelala, akaniuliza swali moja tu: "Siku ile, ulizunguka?"

"Nilizunguka, Mzee."

Alifumba macho. Sijui aliamini au alichoka. Alifariki kabla ya mavuno, na uongo wangu wa mwisho kwake hauna tena pa kurudishwa.

Nikaondoka. Niliendesha Bukavu, nikaendesha Uvira, nikaendesha Bujumbura, nikapotelea mbali zaidi, nikarudi, nikaondoka tena. Watu husema napenda kutembea. Kweli napenda, na kila nilipo hukumbuka harufu ya stendi ya Kamembe asubuhi, chai na matope na mafuta ya dizeli. Lakini mtu anayetamani kwao na hakai kwao, muulizeni kwa nini. Katika miji hiyo yote nilizunguka gari kila asubuhi, buloni moja moja. Sala tu ndiyo haikutoka. Nilifika "Mungu, hili nimeliona," nikanyamaza, maana kulikuwa na jambo moja nililoliona vizuri kuliko magurudumu yote na sikutaka kulitaja.

Mwaka jana nilirudi. Nilimkuta Saidi kibarazani, ndevu nyeupe, ameshika sufuria. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi.

"Saidi, nimekuja kusema kwamba haikuwa wewe."

"Hilo nalijua," akasema. "Umetoka kote huko kuniletea habari yangu mwenyewe?"

Aliendelea kugonga sufuria, kisha akauliza, "Walioitikia amina asubuhi ile walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na kanisani kwenu?"

"Kanisa lilijaa."

"Haya. Mimi si mmoja wao." Akanionyesha barabara kwa nyundo, bila hasira.

Nilianza na kanisa. Mchungaji alikuwa mgeni, akanipa nafasi kwa furaha. Niliwaambia yote: kle chini ya kiti, mkono niliomfukuzia Saidi, maneno niliyoyatia kwenye sala. Nilipomaliza walipiga makofi. Walisema "Amina!" Walidhani ni ushuhuda. Wengi walikuwa vijana, na mama mmoja aliyekaa mbele akaniuliza kwa upole, "Lakini huyo Saidi ni nani?" Wale waliousikia uongo walikuwa wamehama, wamezeeka, wamekufa. Sijawahi kuona aibu kama nilipokuwa napigiwa makofi siku ile.

Kwa hiyo nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Maman Furaha nilimpata Bukavu. Ana duka sasa, na mkono wake hauinuki kupita bega. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alipima kitenge cha mteja, akakikata, ndipo akanigeukia.

"Mukono, nimeshazoea," akasema. "Lakini miaka hii yote nilimutukana ule muntu. Kila nikishindwa kusuka nywele za batoto, nilimulaani kwa jina. Ulinipa muntu ya kulaani, Pasta, na haikuwa yeye. Hiyo utaniponyesha na dawa gani?"

Nikasema sijui.

"Basi usiniite maman tena mpaka ujue." Lakini siku tatu baadaye alivuka daraja la mpakani akaja Kamembe, akauliza njia hadi kwenye kibaraza cha Saidi. Waliongea nini sijui. Mimi sikualikwa.

Kati ya wale kumi na mmoja nimewapata sita. Wengine wawili walikwisha kufariki, na nimewaambia watoto wao. Watatu bado. Mmoja ni mwanamume wa Bweyeye aliyekuwa na mzinga wa nyuki uliofungwa kwa gunia. Wa pili ni mwalimu wa kike aliyekuwa anakwenda kuanza kazi. Wa tatu ni mama aliyepanda na kikapu cha kuku. Majina yao sikuyajua. Abiria nilikuwa nawaombea bila kuwauliza majina.

Ninyi vijana mnapita kila mahali kwa siku moja, mimi mmoja nakwenda polepole. Asubuhi mkitaka kuomba, ombeni kwa ufupi, na mikono yenu iwe kazini. Na akija mtu kukuuliza jambo katikati ya sala, fumbua macho umjibu. Huenda yeye ndiye jibu. Sina fundisho zaidi ya hilo, na hilo lenyewe nimelinunua kwa jina la mtu mwingine.

Lakini kama baba yako alikuwa na mzinga wa nyuki siku ile, au shangazi yako alikuwa mwalimu, au mama yako alikuwa kanisani Jumapili ile kwenye benchi lolote, mwambie leo, usingoje nifike: Saidi alilifunga gurudumu vizuri, na asubuhi ile alikuja kuniambia nikaze.